Pwani Isiyo na Chumvi: Tathmini ya Likizo Kando ya Maziwa na Mashambani mwa Uganda

Kwa miaka mingi sisi jamaa tulioko Uganda tumekuwa tukiteremka Mombasa kila likizo ya Desemba, na kila mara shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ametupokea Mji wa Kale kwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na maswali yasiyokwisha. Mwaka jana alibadili utaratibu. Alipiga simu mwezi wa Septemba akasema kwamba umri unakwenda, kwamba hajavuka mpaka wa Busia tangu nilipoolewa, na kwamba safari hii yeye ndiye atakayekuwa mgeni. Kisha akauliza swali lililonikaa kichwani mpaka siku aliyofika: "Mwanangu, huko kwenu kusiko na pwani, watu wakitaka kupunga upepo huenda wapi?"

Maandishi haya ni jibu langu kwake na kwa yeyote anayejiuliza vivyo hivyo. Tulizunguka kwa siku 15, watu 5 ndani ya gari letu dogo: shangazi mwenye umri wa miaka 67, mume wangu, binti yetu wa miaka 12, mwanetu wa kiume wa miaka 7, na mimi. Kila kitu tulikilipia wenyewe, na hakuna mwenye hoteli aliyejua kwamba ningeandika. Nilipima kila mahali kwa mambo ambayo familia ya kawaida huyajali, yaani namna ya kufika, hali ya maji, chakula, na jinsi mzee na mtoto wanavyopokelewa. Mbuga za wanyama sikuzitia katika mizani hii, kwa kuwa sifa zake zimeshaenea na gharama zake ni habari nyingine kabisa. Nitasema mapema kwamba kwa maoni yangu nafasi ya kwanza ni ya mashamba na maziwa ya Fort Portal, ya pili ni ya visiwa vya Ssese, na kwamba si mandhari yaliyotofautisha sehemu hizo mbili.

Tulianzia nyumbani, Jinja, kwa sababu shangazi alitaka kwanza kuona pale mto Naili unapoanza. Mashua humpeleka mgeni hadi penye kibao, mahali ambapo chemchemi huonekana zikibubujika juu ya uso wa mto, na wenye mashua husimulia kwamba maji hayo huchukua takriban miezi mitatu kuifikia bahari ya Mediterania. Ni matembezi mafupi na mazuri kwa mtu mzima asiyeweza kupanda milima. Hata hivyo mimi niliyekulia hapa siwezi kuupa mji wangu nafasi ya juu, kwa sababu kilichowavuta watu zamani hakipo tena. Maporomoko ya Ripon, ambayo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliyaona mwaka 1862, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali, ambako baba alikuwa akituleta siku za Idi kutazama vijana wakijitosa katika mawimbi huku wamekumbatia madumu ya plastiki, nayo yalifunikwa na maji ya bwawa jingine lililozinduliwa mwaka 2012. Umeme tunauhitaji na silipingi hilo, lakini kila ninapompitisha mgeni pale nahisi kama namwonyesha kaburi. Anayetaka kusikia mto ukinguruma aende chini zaidi, kwenye maporomoko ya Itanda.

Entebbe tulilala usiku mmoja tu, na ulitosha. Bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 ina miti mikubwa yenye kivuli kizito, na mtoto anaweza kukimbia humo saa nzima bila kuhofia gari. Kituo cha elimu ya wanyamapori kilicho karibu na hapo kilimpa mwanetu nafasi ya kumtazama kwa karibu yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye domo pana kama kiatu, ambaye husimama bila kutikisika hata mtu akadhani ni sanamu. Kasoro ya Entebbe ni kwamba sehemu kubwa ya ufuo wake imezungushiwa kuta za hoteli na kumbi za starehe, na kila mahali penye mchanga pana muziki wa kushindana. Shangazi aliuliza kama ziwa hilo lina mwenyewe.

Ssese ndiko alikopata kuliona ziwa lenyewe. Visiwa hivyo, ambavyo kwa hesabu ya kawaida ni 84, viko upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa ambalo Baganda, watu wa Buganda, huliita Nalubaale na ramani huliita Victoria. Njia tuliyoichagua ni kivuko cha MV Kalangala, kinachoondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kufika Lutoboka, katika kisiwa cha Bugala, baada ya saa tatu na nusu hivi. Ushauri wangu ni kufika bandarini mapema sana, hasa mwenye gari, kwa kuwa nafasi za magari ni chache na siku za sikukuu foleni huanza asubuhi. Kabla ya kung'oa nanga, mhudumu mmoja alipita akituonyesha jaketi za kuokolea zilipo, na nilimshukuru moyoni. Hatujasahau Novemba 2018, wakati mashua ya starehe ilipozama katika ziwa hili hili upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Yeyote anayepanga safari ya visiwani achague chombo kinachojulikana, na asikubali kupakiwa katika mtumbwi uliojaa eti kwa sababu kisiwa kinaonekana kwa macho.

Tulitia nanga jua likielekea kuzama. Shangazi alivua ndara zake mchangani, akapandisha buibui hadi juu ya vifundo vya miguu, akainama, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja kwa ncha ya ulimi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, kana kwamba anatoa ushahidi mbele ya kadhi, "Maji baridi haya. Bahari nzima ya maji baridi." Kwa watu wa Mombasa maji baridi ni yale yasiyo na chumvi, na kwa mtu aliyezaliwa na kuzeekea kando ya maji ya chumvi lilikuwa jambo zito kuona mawimbi yakivunjika ufuoni, mitumbwi ikirejea na upeo usio na nchi kavu, kisha akakosa chumvi mdomoni. Niliishi miaka yote Uganda bila kulistaajabia jambo hilo.

Hapo hapo lazima niseme habari ya kichocho. Maji ya ziwa hili yanapendeza lakini si salama kila mahali, kwa sababu konokono wanaobeba ugonjwa huo hukaa katika maji yaliyotulia, penye magugu na matete, karibu na makazi ya watu. Katika siku zote nne tulizokaa Bugala sikuona kibao hata kimoja cha kumwonya mgeni, na wahudumu wa hoteli niliowauliza walijibu kwa tabasamu kwamba wageni wengi huogelea. Jibu hilo halitoshi. Sisi tuliwaruhusu watoto kuchezea mchangani na kuoga kwa maji ya bomba, na kwa kuwa mwanetu alitutoroka mara mbili akaingia ziwani hadi kiunoni, tulimpeleka kupimwa katika kituo cha afya wiki nane baadaye. Alikutwa mzima. Dawa ipo na inaponya, lakini mgeni anastahili kuambiwa mapema ili aamue mwenyewe.

Chakula cha visiwani ni samaki, na hapo sina lawama. Asubuhi ya pili tulishuka hadi mwalo wa Mwena, ambako wavuvi hupakua ngege na mputa wakiwa bado wanapapatika. Shangazi aliwanunua ngege wawili baada ya kuwafunua mashavu mmoja mmoja kutafuta wekundu, na kijana aliyekuwa akiwauza, aliposikia Kiswahili chake, aliacha Luganda akamjibu kwa Kiswahili cha kambi alichojifunzia jeshini. Mpishi wa mgahawa mdogo ulio juu ya mwalo alikubali kutupikia. Hakuwa na nazi, na shangazi alikuwa tayari kuhuzunika, lakini yule mama alipiga goti mbele yake, akamwita Jjajja, yaani bibi, akamwomba amwachie yeye jambo hilo. Alituletea samaki katika mchuzi mzito wa karanga pamoja na matoke yaliyopondwa ndani ya majani ya migomba, moshi ukitoka majani yalipofunuliwa. Shangazi alikula kwa mkono, kimya, hadi mifupa ilipobaki mitupu kama kitana. Hatukuomba nazi tena safari yote.

Malazi ndiyo yaliyoishusha Ssese katika tathmini yangu. Nyumba ya wageni tuliyofikia, ambayo sitaitaja, ilitutajia bei kwa simu na kutuhakikishia vyumba viwili vyenye maji ya moto. Maji ya moto yalikuja ndani ya ndoo, saa moja baada ya kuombwa, na jenereta ilizimwa usiku mapema huku shangazi akiwa bado bafuni. Hayo ningeyasamehe, kwa sababu kisiwani kila kitu huletwa kwa chombo. Lililonichoma ni kwamba siku ya kuondoka hesabu ilikuwa imeongezeka kwa malipo ya kila mtoto na malipo ya jenereta ambayo hakuna aliyewahi kuyataja, na meneja alipoulizwa alituambia tuharakishe maana kivuko hakingojei. Tulilipa. Tangu siku hiyo siweki nafasi popote bila kuomba bei kamili kwa ujumbe wa maandishi, pamoja na gharama ya watoto, na namsihi kila msomaji afanye hivyo.

Bugala yenyewe imebadilika sana. Msitu uliokuwa ukifunika sehemu kubwa ya kisiwa umepisha mashamba ya michikichi, mistari kwa mistari hadi macho yachoke, na mtu anayekuja akitarajia mwitu wa asili atashtuka. Wenyeji niliozungumza nao hawakuwa na kauli moja. Mzee mmoja alisema ndege wamepungua, na jirani yake akasema barabara na ada za shule za wajukuu wake zimetoka katika michikichi hiyo hiyo. Kisiwa kimepitia makubwa zaidi ya hayo, kwani mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kandokando ya ziwa hili, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa. Tangu enzi za kale Ssese imeheshimiwa na Baganda kwa sababu ya Mukasa, mwenye ziwa katika imani zao za jadi, ambaye hekalu lake kuu liko kisiwa cha Bubembe. Mgeni anayefikishwa ufuoni na kuachwa na kinywaji mkononi haambiwi hata neno moja katika hayo, na huko ni kumdhulumu.

Kutoka visiwani tulipitia Luku, ambako kivuko cha kwenda Bukakata hubeba watu na magari bila malipo, na kutoka hapo barabara ya lami ikatufikisha Masaka. Ulikuwa bado msimu wa senene, panzi wa kuliwa. Akina mama walikuwa wamekaa kando ya barabara na mabeseni, wakichuma mabawa na miguu kwa vidole vyepesi kama vya mtu anayechambua mchele, na harufu ya vitunguu na senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe ilijaa garini. Watoto walidhani shangazi atakataa. Alisema nzige ni halali, akanyoosha kiganja, na kikombe kizima kikaisha kabla ya Lyantonde.

Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, ndilo lenye mandhari mazuri kuliko yote tuliyoyaona, na bado nimeliweka nafasi ya tatu. Liko juu, karibu mita 1,960 kutoka usawa wa bahari, limepinda katikati ya vilima ambavyo Wakiga, wenyeji wa huko, wamevikata matuta hadi kileleni, na visiwa vyake 29 huelea katika ukungu wa asubuhi. Jina lake lina maana ya mahali pa ndege wadogo, na ukikaa kimya ndani ya mtumbwi wa gogo utalithibitisha kwa masikio. Lakini baridi ya usiku ni kali. Shangazi, aliyezoea joto la pwani, alilala amevaa soksi za mume wangu na mablanketi matatu, na siku ya pili akaomba tumwotee moto. Njia ya kushuka kutoka hotelini hadi majini ilikuwa ya ngazi nyingi zisizo na pa kushika, kwa hiyo yeye alilitazama ziwa zaidi ya kulifikia. Mwenye wazazi waliozeeka aulize habari ya ngazi kabla ya kuuliza habari ya mandhari.

Kilichonigusa Bunyonyi ni visiwa viwili. Akampene ni kisiwa kidogo mno, nyasi na mti, ambako zamani msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alitupwa afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Mwanamume maskini asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua akawa mkewe. Binti yangu alisikiliza bila kupepesa macho, kisha akamwuliza mpiga kasia kama aliyemtia mimba msichana alipelekwa naye, na mpiga kasia akasema hapana. Bwama, kwa upande mwingine, ni kisiwa kikubwa ambako Dakt. Leonard Sharp, mmisionari Mwingereza, alianzisha kituo cha wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Siku hizi watoto huvuka maji kwenda kusoma huko. Mpiga kasia wetu alieleza yote mawili kwa heshima, bila kutia chumvi, na kwa ajili yake tu ningependekeza siku mbili za Bunyonyi kwa mtu yeyote mwenye magoti mazima.

Njia ya kwenda Fort Portal tuliipitisha Kasese, tukavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, viboko wakiwa wamelala majini kama mawe, kisha tukapinda kwenda Katwe. Sikuwa nimepanga. Mume wangu alisema tu kwamba shangazi amelalamikia chumvi wiki nzima, basi apelekwe inakotoka. Ziwa Katwe liko ndani ya bakuli la volkano, maji yake yana rangi ya chai iliyochacha na harufu ya kiberiti, na ukingoni limegawanywa kwa kuta ndogo za matope na vijiti kuwa viwanja vya familia, ambamo chumvi huganda jua likiwa kali. Watu husimama humo kwa saa nyingi, na maji yale hula ngozi. Mama mmoja alituonyesha vifundo vya miguu yake, vyeupe na vyenye mipasuko. Juu ya kilima kuna magofu ya kiwanda cha chumvi kilichojengwa miongo kadhaa iliyopita na kushindwa, vyuma vyake vikiwa vimeliwa na kutu. Shangazi hakubishania bei. Alinunua mfuko wa kilo mbili, akalipa zaidi ya alichoombwa, akaufunga kwa kanga na kuuweka mapajani hadi tulipofika.

Sasa nije Fort Portal, ambako tulikaa siku tano na kutamani kumi. Mji huo ulitangazwa kuwa jiji mnamo Julai 2020, nao hujiita jiji la utalii, lakini utamu wake uko nje ya mji, katika vilima vya Kasenda ambako maziwa ya volkano yametawanyika kwa makumi, kila moja katika shimo lake lenye kingo za mwinuko, kati ya mashamba ya chai na migomba. Hatukulala hotelini. Tulilala katika nyumba ya wageni ya familia moja, vyumba vinne vya matofali na bustani ya maboga, na malipo yalikuwa yale yale tuliyoandikiwa kwenye simu, hadi shilingi ya mwisho.

Jioni ya kwanza mama mwenye nyumba alimwuliza shangazi empaako yake. Batooro, wenyeji wa Fort Portal, kama jirani zao Banyoro, huwa na jina la pili la upendo na heshima, moja kati ya majina machache yanayojulikana na kila mtu, na kumsalimu mtu bila kumwita kwa empaako huhesabiwa kuwa ukavu. Desturi hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Shangazi alijibu kwamba hana. Yule mama akasema mgeni hawezi kulala katika nyumba yake bila empaako, akaita watoto wake, wakashauriana, na shangazi akapewa Adyeeri, binti yangu Abwooli, mwanangu Araali. Asubuhi kila aliyepita njiani na majembe begani alimwita, "Oraire ota, Adyeeri?" yaani umelalaje, na kufikia siku ya tatu alikuwa akiitika kabla sijageuka kuona ni nani anayeitwa.

Kilichofuata nitakikumbuka kuliko ziwa lolote. Alasiri mvua ilipotuzuia ndani, mama mwenye nyumba alileta beseni la maharage yaliyolowekwa tangu usiku, akakaa mkekani na kuanza kuyamenya kwa ajili ya firinda. Harage hubanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, hutelezea nje likiwa jeupe, na ganda hubaki vidoleni kama karatasi iliyolowa. Huchukua muda mrefu. Shangazi alijisogeza mkekani bila kuombwa, na wale wazee wawili, mmoja hajui Kiswahili vizuri na mwingine hajui Rutooro kabisa, walimenya beseni zima wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake na kuelewana kwa kiasi walichohitaji. Maharage hayo yalipikwa, yakapondwa hadi kuwa laini, yakatiwa samli, tukayala kwa kalo, ugali wa wimbi, mikono yote ikiwa katika sahani moja. Siku ya mwisho shangazi alitaka kuilipia kazi ya kufundishwa firinda, akakataliwa.

Maziwa yenyewe hayakutuangusha. Nkuruba limezungukwa na msitu ambamo mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe, huruka juu ya kichwa cha mtu, na wenyeji huogelea humo. Mwanetu naye aliogelea, akiwa amevaa jaketi, maana kina huanza ghafla hatua mbili tu kutoka ukingoni. Juu ya Nyinambuga binti yangu alitoa noti ya shilingi 20,000, akainyoosha mbele ya macho, akaisogeza kushoto na kulia hadi mstari wa vilima katika noti ulipokaa sawa na vilima vyenyewe, kwa sababu ziwa lililochorwa kwenye noti ndilo hilo. Tulizuru pia mapango ya Amabere ga Nyinamwiru, ambako maji meupe hudondoka kutoka katika mawe yanayoning'inia. Kijana aliyetuongoza alisimulia jinsi mfalme Bukuku alivyomkata matiti binti yake Nyinamwiru kwa kuhofia mtoto atakayemzaa, na jinsi mtoto huyo, Ndahura, alivyonyonyeshwa kwa matone ya jiwe, akakua, akamwua babu yake. Njia ni ya utelezi. Kijana huyo alimshika shangazi mkono mwendo wote, akimwita Adyeeri, na hakuwahi kumharakisha hata mara moja.

Kasoro zipo. Barabara kati ya ziwa na ziwa ni za changarawe, zenye mashimo, na gari letu dogo liligonga tumbo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Desemba ikiwa na mvua za kuchelewa, ni afadhali kukodi bodaboda za kijijini kwa sehemu mbaya. Hoteli kubwa zinazotazama maziwa hayo hutaja bei kwa dola hata kwa raia anayelipa kwa shilingi, na moja kati ya hizo ilitutoza ili tu tusimame kwenye baraza lake na kutazama. Jambo hilo linaniudhi kwa dhati, kwa sababu ziwa halikuchimbwa na mwenye baraza. Kwa bahati nzuri iko njia nyingine. Katika kinamasi cha Bigodi, pembeni mwa msitu wa Kibale, wanakijiji wenyewe ndio wanaosimamia matembezi, na mapato husaidia shule yao. Tulitembea saa tatu juu ya mbao zilizowekwa topeni, tukahesabu aina tano za nyani, na kila shilingi tuliyotoa tulijua inakokwenda.

Hiyo ndiyo sababu ya kuiweka Fort Portal juu ya Ssese. Maji ya Ssese ni makubwa zaidi na samaki wake ni watamu zaidi, lakini kule mgeni na mwenyeji hupishana tu mchangani, ilhali kwa Batooro mwenye shamba ndiye mwenye chumba, ndiye mpishi, na watoto wake ndio wanaokuonyesha njia. Siku Ssese itakapokuwa na nyumba kama ile ya maboga, pale juu ya mwalo wa Mwena kwa yule mama wa mchuzi wa karanga, nitaandika upya tathmini hii kwa furaha.

Tulirudi Jinja kupitia Kampala, kilomita 300 na ushei za lami kutoka Fort Portal hadi mji mkuu, na siku mbili baadaye tukamsindikiza shangazi hadi Busia. Katika mkoba wake, juu ya nguo, ulikuwa mfuko wa chumvi ya Katwe. Afisa wa forodha aliufungua, akaonja kwa kidole, akamwuliza kwa nini anapeleka chumvi Mombasa, naye akamjibu kwamba anaipelekea bahari salamu za jamaa yake.

Juma lililopita alipiga simu. Anasema mwakani atakuja na dada zake wawili, kwamba kina Adyeeri wataongezeka, na kwamba anataka kuanzia visiwani kwa sababu mmoja wa hao dada haamini habari ya maji baridi. Aliuliza tu kivuko cha Nakiwogo kinaondoka saa ngapi. Nimemwambia saa nane mchana, na kwamba sisi tutakuwa bandarini tangu saa tatu asubuhi.